Ng'ombe wa pumba na ng'ombe wa majani: maziwa yanatofautiana nini? (Tabora)

Kiwele_Ipuli

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora manispaa, nina ng'ombe wawili chotara wa Friesian, kila mmoja kama kilo 400 kwa utepe, lita 8 hadi 9 kwa siku. Kiangazi kimekaza, pembeni mwa barabara hakuna hata jani la kijani. Mgao wa ng'ombe mmoja kwa siku ni pumba za mahindi kilo 6, mashudu ya pamba kilo 2, mabua makavu ya mahindi kadiri atakavyokula, chumvi kidogo na maji.

Wateja wawili wamelalamika ndani ya mwezi mmoja. Wa kwanza anasema maziwa ni mepesi na hayashiki utando, na mimi siongezi hata tone la maji. Laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, inasoma 30. Wa pili ni mama mwenye mtoto wa mwaka na nusu. Ameambiwa maziwa ya ng'ombe wa pumba hayana afya, atafute ya ng'ombe wanaochungwa porini.

Naombeni jibu lenye vipimo. Ni kweli chakula cha ng'ombe kinabadilisha ubora wa maziwa kwa afya ya mnywaji, au ni maneno ya washindani sokoni? Kama kinabadilisha, kinabadilisha kitu gani, kwa kiasi gani? Na kwa kiangazi hiki nifanye nini, maana siwezi kuwahamishia ng'ombe bondeni.

Ngitili

Mkuu, tuanze na utando, kwa sababu jibu lake liko kwenye mgao wako wenyewe.

Ng'ombe wa kilo 400 anakula takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani ukishatoa maji yaliyomo. Pumba kilo 6 na mashudu kilo 2, ukitoa unyevu, ni kilo 7 na ushei. Kwa hiyo mabua yanayoingia ni kilo 5 hivi, hata ukijaza hori. Zaidi ya nusu ya chakula chake ni unga. Kwa ng'ombe wa chini ya lita 10, nyasi na mabua yasipungue asilimia 60 ya chakula kikavu. Wewe umegeuza.

Mafuta ya maziwa sehemu kubwa yanatengenezwa ndani ya kiwele kutokana na asidi asetiki, ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo inatoka kwenye nyuzinyuzi zinazochachushwa na bakteria wa tumbo la kwanza. Nyuzi zikipungua, malighafi imepungua. Lakini kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Pumba za mashine zetu za kukoboa si maganda matupu, zina wanga na zina kiini cha mahindi, na kiini ndicho chenye mafuta. Ndiyo maana pumba zikikaa wiki chache zinachacha na kunuka. Wanga mwingi unalitia tumbo uchachu, na mafuta ya mahindi yakiingia kwenye tumbo lenye uchachu, bakteria wanayageuza kwa njia isiyo ya kawaida na kuzalisha asidi ya mafuta ambayo ikifika kiweleni inazima utengenezaji wa mafuta. Zinatosha gramu chache tu kwa siku. Ng'ombe wa mafuta asilimia 4 anaweza kushuka chini ya 3, lita zisipungue hata kidogo. Kwa hiyo mkamuaji haoni kitu, anayeona ni mpika chai.

Laktomita haitakusaidia hapo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maziwa yaliyopungukiwa mafuta yanasoma juu kidogo, hayasomi chini. Usomaji wa 30 unaonyesha tu kwamba hakuna dalili ya maji yaliyoongezwa. Hausemi lolote kuhusu malai.

Rekebisha hivi, kwa siku 7 hadi 10, usikate kwa mara moja. Pumba zishuke kutoka kilo 6 hadi 3, uzigawe milo miwili au mitatu, na kila mlo utanguliwe na mabua. Usimpe pumba tumbo likiwa tupu asubuhi. Mashudu yabaki kilo 2. Ongeza majani mabichi ya lusina kilo 5, ambayo hata kiangazi hiki yapo kwenye uzio wa watu wengi pale Ipuli na Cheyo. Usivuke theluthi ya chakula chote kwa lusina, ina sumu ya mimosini inayonyonyoa manyoya na kuharibu tezi ya shingo. Mabua yakatwe urefu wa sentimeta 3 hadi 5. Wapo wanaoyasaga kwenye mashine hadi yawe vumbi wakidhani wanamrahisishia mnyama. Vumbi halimfanyi acheue, asipocheua hatoi mate, na mate ndiyo yanayopoza uchachu wa tumbo.

Soda ya kuokea gramu 100 hadi 150 kwa siku ndani ya pumba inasaidia wiki ya kwanza. Si dawa ya kudumu.

Kipimo cha bure ni kuwatazama saa za mchana wakiwa wamelala. Nusu yao au zaidi wawe wanacheua. Wewe unao wawili, kwa hiyo watazame mara kadhaa. Kinyesi kikiwa kama uji mwepesi wenye punje za pumba na mapovu, tumbo bado lina uchachu. Mafuta yanarudi ndani ya wiki moja hadi mbili, tatu kwa aliyeathirika sana.

Na mwenye nafasi afanye kama Wasukuma na Wanyamwezi walivyofanya tangu zamani: kufunga ngitili, yaani kutenga eneo la malisho, mvua zinapokatika, mifugo isiingie hadi Agosti au Septemba. Nyasi zile zimekauka zikiwa zimesimama, protini yake ni ndogo, ila nyuzi zake ni bora kuliko mabua yaliyolala shambani.

Samli_Ng'ambo

Ngitili amemaliza suala la mafuta kwa wingi. Nizungumzie aina ya mafuta na vitamini, maana ndiko yule mama aliko.

Kuna vitu ng'ombe hakubali vibadilike hata umnyime. Kalsiamu ya maziwa ni takriban gramu 1.2 kwa lita. Ukimnyima kalsiamu anaikopa kwenye mifupa yake mpaka adondoke, lakini maziwa yanatoka na kiwango kilekile. Sukari ya maziwa iko asilimia 4.7 au 4.8, haichezi. Protini inasogea kidogo sana, sehemu za kumi ya asilimia. Madini ya chuma ni machache siku zote, majani au pumba, ndiyo maana mtoto wa mwaka na nusu anayeshindia maziwa tu anaishiwa damu. Huyo anahitaji maharage, dagaa na maini kuliko kubadilishiwa ng'ombe.

Vinavyobadilika ni hivi. Kwanza rangi na vitamini A. Majani mabichi yana beta-karotini. Sehemu ng'ombe anaigeuza vitamini A, sehemu inapita kama ilivyo na kuyapa malai ule unjano. Jani likianikwa juani siku kadhaa karotini nyingi inapotea, na mabua meupe ya Septemba hayana kitu. Ng'ombe anatumia akiba ya ini, inayotosha kama miezi 2 hadi 4. Ukihesabu kuanzia Mei nyasi zinapokauka hapa Tabora, utaona kwa nini samli ya Septemba na Oktoba ni nyeupe na ya Februari ni ya njano. Huo ni mwongozo mzuri ukimlinganisha ng'ombe na yeye mwenyewe. Usilinganishe ng'ombe na mbuzi: mbuzi anageuza karotini yote kuwa vitamini A, maziwa yake ni meupe hata akila majani mwaka mzima, na vitamini imo. Vitamini E nayo inafuata ukijani.

Pili ni mafuta mazuri. Kwenye jani bichi kuna omega-3. Bakteria wa tumboni wanaiharibu sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 85, lakini kinachoponyoka kinaonekana kwenye maziwa. Kwa ng'ombe wa nafaka omega-3 ni asilimia 0.3 hadi 0.5 ya mafuta ya maziwa, kwa ng'ombe wa majani mabichi inakaribia 1 au kuivuka kidogo. Ile asidi nyingine inayosifiwa sana, CLA, inaongezeka mara mbili hadi tatu. Mafuta magumu yanashuka kutoka kama asilimia 70 hadi 60 na kitu, na siagi inakuwa laini zaidi.

Sasa weka kwenye kikombe. Mililita 250 za maziwa ya asilimia 4 zina mafuta gramu 10. Omega-3 ni miligramu 30 hadi 50 kwa ng'ombe wa pumba, kama 100 kwa ng'ombe wa majani. Mwanamke mtu mzima anahitaji miligramu 1,100 za aina hiyo kwa siku, mwanamume 1,600. Tofauti ipo kwenye maabara, lakini kwenye mwili wa mtu anayekunywa kikombe kimoja ni ndogo mno. Fungu la dagaa wa Kigoma linatoa omega-3 za samaki ambazo maziwa karibu hayana kabisa, ya majani wala ya pumba. Anayeuza "maziwa ya porini" kwa bei mara mbili kwa hoja ya omega-3 anauza neno.

Tatu ni madini joto na seleniamu, ambayo kweli yanafuata chakula. Mpe ng'ombe chumvi yenye madini joto, gramu 30 hadi 40 kwa siku, ichanganywe na pumba. Usiitupe kwenye hori ikanyeshewa au kulowanishwa na mate, madini joto yanapotea. Chumvi ya mawe iliyochimbwa bila kuongezwa madini joto haifanyi kazi hiyo hata kama ng'ombe anaipenda.

Mise_Kasulu

Nachangia kutoka upande wa Kigoma, kwa sababu malisho yetu ya kiangazi ni tofauti na swali hili litawahusu wengi huku.

Huku mashudu yanayopatikana kirahisi ni ya mise, yaani yanayobaki baada ya kukamua kokwa za michikichi. Protini ni kama asilimia 16, nusu tu ya mashudu mazuri ya pamba, kwa hiyo usiyabadilishe kilo kwa kilo. Yale ya mashine ndogo yanabaki na mafuta asilimia 8 hadi 10. Mafuta ya mise ni magumu kwa asili, kwa hiyo maziwa yanakuja na mafuta magumu zaidi na siagi inakuwa ngumu kama nta. Kwa kiwango cha utando utafurahi, ila kwa afya ya moyo wa mnywaji ni kinyume cha majani. Kilo 1 hadi 2 kwa siku inatosha. Yana chengachenga za gamba gumu, yachekeche, na ng'ombe mgeni anayakataa siku za kwanza mpaka uyachanganye na pumba kidogo kidogo. Kondoo usiwape kabisa kwa mazoea, shaba iliyomo inawarundikia ini.

La pili ni maganda ya muhogo. Muhogo mchungu una sianidi, na iliyo nyingi iko kwenye ganda. Maganda mabichi yakitolewa kwa wingi yanaweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Yakatwe, yaanikwe tabaka jembamba juu ya turubai siku 2 hadi 3 za jua kali mpaka yavunjike kwa mkono. Hata hivyo kiasi kinachobaki mwilini kinageuzwa kuwa thiosayaneti, na hiyo inazuia madini joto yasiingie kwenye maziwa. Familia inayokula ugali wa muhogo, na ng'ombe wao anakula maganda ya muhogo, madini joto yanapungua kwa wote wawili. Chumvi aliyoitaja Samli haikwepeki huku. Majani ya kabichi yakiwa mengi yana tabia hiyo hiyo, na juu yake yanatia harufu.

Harufu nayo ni ya chakula. Kabichi, vitunguu, sileji na magugu yenye harufu kali yatolewe baada ya kukamua, siyo kabla. Harufu inapita kwa pumzi na damu, inafika kiweleni ndani ya saa moja au mbili, na inahitaji saa 4 hadi 5 kuondoka.

Ghala_Kavu

Wakuu mmeeleza vizuri, lakini mmezunguka jambo lenyewe. Kama kuna sababu moja ya kuyaogopa maziwa ya ng'ombe wa pumba na mashudu, siyo upungufu wa omega-3. Ni sumukuvu.

Kuvu anayekaa kwenye mahindi, karanga, mbegu za pamba na alizeti anatoa sumu iitwayo aflatoksini B1. Ng'ombe akiila, ini lake linaigeuza kuwa M1 na inatoka kwenye maziwa. Kinachopita ni kama asilimia 1 hadi 2 kwa ng'ombe wa maziwa machache, kinaweza kufika 6 kwa wanaokamuliwa sana. Inaonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kuchemsha hakuiondoi. Kugandisha mtindi si kinga ya kutegemea. Jibini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu M1 inashikamana na protini, kwa hiyo inabaki kwenye bonge wakati maji yanamwagwa. Kwenye siagi na samli inaingia kidogo. Sumu hii inahusishwa na saratani ya ini, na mtoto ndiye anayekunywa maziwa mengi kulingana na uzito wake. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yenyewe. Kwa maziwa haiui hivyo, inafanya kazi polepole.

Hesabu ya mgao wa muuliza swali: tuseme mashudu yana mikrogramu 50 za B1 kwa kilo, kiwango ambacho jicho haliwezi kukiona. Kilo 2 zina mikrogramu 100. Asilimia 2 ikipita ni mikrogramu 2, ukigawa kwa lita 8 ni 0.25 kwa lita. Kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni 0.5 kwa kilo, umepona. Kikomo cha Ulaya ni 0.05, umekizidi mara tano. Ongeza pumba zilizotokana na mahindi yaliyovunda, kilo 6 zile, na unaweza kuvuka hata 0.5. Ndiyo maana Ulaya wanataka chakula cha ng'ombe wa maziwa kisizidi mikrogramu 5 tu kwa kilo.

Njia kubwa ya sumu hii hapa kwetu inajulikana: mahindi yanachambuliwa, mazuri yanaenda kwenye ugali, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu "wapewe ng'ombe". Karanga mbovu hivyo hivyo. Yaani sumu imezungushwa ng'ombeni, ikarudi mezani ndani ya kikombe cha mtoto.

Sasa hatua. Mashudu nunua yaliyokamuliwa karibuni, uulize tarehe. Yakitoka mashineni yana joto, na yakitiwa kwenye gunia yakiwa moto yanatoa jasho ndani na ukungu unaanza katikati ya gunia pasipoonekana. Vunja bonge la katikati: likiwa na utando wa kijani au kijivu, au harufu ya chumba kilichofungwa, rudisha. Yasiyo na ukungu wa kuonekana siyo ushahidi kwamba ni salama, ila yenye ukungu ni ushahidi tosha kwamba siyo. Gunia liwekwe juu ya chaga, sentimeta 15 kutoka sakafuni, lisiguse ukuta, paa lisivuje. Nunua ya mwezi mmoja, miezi miwili mwisho, na mvua zikianza Novemba fupisha zaidi. Mahindi ya kusagia yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 au chini. Mtihani wa kienyeji wa chumvi unafaa: chupa kavu ya glasi, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, punje hadi robo ya chupa, tikisa dakika chache, iache robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi.

Yaliyooza usiyachanganye na mazuri ili kupunguza makali, hapo umeharibu gunia la pili. Usimpe kuku wala bata, bata ni dhaifu zaidi kwa sumu hii kuliko ng'ombe. Fukia, au choma.

Udongo wa bentonaiti unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, kama asilimia 1 ya chakula cha unga, unashika sehemu ya sumu tumboni. Unapunguza, haumalizi, na haufanyi mashudu mabovu kuwa mazuri.

Habari njema ni moja: ukiondoa chakula kibovu leo, maziwa yanasafika ndani ya siku 3 hadi 4.

Na kwa hao wanaosema "ya porini ndiyo salama", huku Urambo, Kaliua na Sikonge porini ndiko kwenye tumbaku. Ng'ombe akiingia shambani baada ya mavuno akala vishina na machipukizi, nikotini inapita kwenye maziwa, na dawa iliyopulizwa nayo ina njia yake. Wala usitunzie pumba kwenye magunia yaliyobeba mbolea au dawa ya tumbaku, hata ukiyafua.

Kiwele_Ipuli

Nashukuruni sana, hasa hesabu ya mashudu. Nimevunja bonge la katikati kama alivyosema Ghala Kavu. Gunia moja liko safi. La pili, lililokuwa sakafuni upande wa ukutani, lina ukungu wa kijivu kuanzia chini hadi kama theluthi. Je, nikitoa ile theluthi, iliyobaki naweza kuitumia?

Swali la pili. Samli amesema vitamini A inapungua kiangazi. Mawese mekundu yana karotini nyingi, na kutoka Kigoma yanafika hapa kwa treni bila shida. Nikiongeza kikombe kwenye pumba, si maziwa yatarudi kuwa ya njano?

Ghala_Kavu

Hapana. Sumu inatangulia ukungu unaoonekana, na unga unasambaa ukifungua. Gunia zima litoke. Ng'ombe waliokula kutoka humo, maziwa ya siku 4 kuanzia leo usiwauzie wenye watoto wadogo.

Samli_Ng'ambo

Kuhusu mawese: usiyapitishe kwa ng'ombe. Mafuta ya maji yakimwagwa kwenye tumbo la kwanza yanavisha nyuzi kama koti na kuwadhoofisha bakteria wanaozila. Jumla ya mafuta kwenye chakula isizidi asilimia 5 au 6 ya chakula kikavu, na wewe tayari una ya pumba na ya mashudu. Utapoteza utando uliokuwa unautafuta. Karotini nayo sehemu inaharibika humo humo.

Piga hesabu upande wa mtoto. Mawese mekundu yana karotini kama miligramu 500 hadi 700 kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai, gramu 5, kina miligramu 2.5 hadi 3.5. Lita nzima ya maziwa ya njano kabisa ina karotini kama miligramu 0.3. Mwambie yule mama atie kijiko cha mawese kwenye uji au mboga ya mtoto, yasichomwe mpaka yapauke kama wengine wanavyopenda, kwa sababu yakipauka karotini imekwisha. Hiyo ni njia fupi kuliko kuzungukia zizini.

Kwa ng'ombe wenyewe, lusina alizotaja Ngitili zinaleta ukijani. Matembele baada ya kuvuna viazi ni mazuri pia, yanyauke nusu siku kwanza. Miti ya miombo inachipua majani mapya Septemba na Oktoba kabla hata mvua hazijanyesha, na ng'ombe wanaopelekwa huko wakati huo wanapata kijani mapema kuliko wanaongoja nyasi. Ukitaka hei ya kijani mwakani, kata nyasi zikianza tu kutoa maua, anika siku moja au mbili, kisha malizia kivulini. Ikibaki na rangi ya kijani, karotini kiasi imo. Ikiwa kama majani ya paa la tembe, umehifadhi nyuzi tu.

Ngitili

Nyongeza fupi ya upimaji, kabla hujabadilisha chakula. Usipime utando kwa maziwa ya mwanzo wa kukamua. Yale ya kwanza yana mafuta asilimia 1 au 2, ya mwisho kabisa yanaweza kuvuka 8. Mkamuaji anayeacha ya mwisho kwa ajili ya ndama anamlisha ndama malai na mteja maji ya juu, na hapo hata mgao uwe mzuri vipi mteja ataendelea kulalamika. Kamua mpaka mwisho, changanya ndoo nzima, kisha chota. Maziwa ya jioni mara nyingi ni mazito kuliko ya asubuhi kwa sababu ya muda kati ya mikamuo, kwa hiyo linganisha jioni kwa jioni.

Chukua glasi ndefu nyembamba yenye pande zilizonyooka, jaza sentimeta 15, funika, weka mahali pa baridi usiku kucha bila kutikisa, upime tabaka la malai kwa rula asubuhi. Andika milimita. Rudia kila siku ya tatu kwa wiki tatu, ng'ombe mmoja mmoja, usiwachanganye. Haikupi asilimia, inakupa mwelekeo.

Samli_Ng'ambo

Na yule mama usimpe maziwa mabichi eti kwa kuwa ng'ombe sasa anakula majani. Homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe havijali chakula. Yachemke mpaka yapande, yashushwe, yapoe yakiwa yamefunikwa. Mtoto wa umri ule anywe yenye malai yake yote, yasienguliwe. Vikombe viwili kwa siku vinamtosha, nafasi inayobaki tumboni ni ya chakula.

Kiwele_Ipuli

Gunia limefukiwa. Mashudu mapya nitachukua Jumamosi, nusu ya niliyokuwa nachukua. Ngitili, asubuhi hii glasi za maziwa ya jana jioni zimeonyesha malai milimita 6 kwa yule mweusi na 8 kwa mwenye doa. Nikianza kupunguza pumba kesho, nianze na yupi?

Ngitili

Wote wawili pamoja, kama gramu 400 kila siku. Ila mweusi mtazame kinyesi.